Kura za Nairobi hazirithiwi

Mhariri,

Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 2025, wachambuzi wamekuwa wakigawana kura zake za Nairobi kama shamba la urithi. Kibra inapewa huyu, Mathare yule, na kila jioni runinga hutuonyesha ramani ya ngome iliyopakwa rangi kwa kabila. Naomba ramani hizo ziachwe kabla hatujafika uchaguzi wa Agosti 2027, kwa sababu hazielezi tunavyopiga kura.

Tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu, nilikuwa wakala wa chama katika kituo kimoja hapa Kayole. Kilikuwa darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, nasi mawakala tumebanana kwenye benchi la watoto, magoti karibu na kidevu. Afisa msimamizi aliinua kila karatasi tuione, akataja jina, karani akatia kistari. Kura za urais zilipokwisha, rundo la Raila lilikuwa kubwa waziwazi. Wakala wa Azimio, muungano wa Raila, aliyeketi kando yangu akashusha pumzi, akamimina chai. Ikaja zamu ya sanduku la gavana, lile la kifuniko cha buluu, na sasa rundo lililopanda likawa la Johnson Sakaja wa UDA, chama cha William Ruto, mpinzani wa Raila. Watu ni wale wale waliopanga foleni tangu alfajiri, na karatasi zote walipewa pamoja. Mwenzangu alitaka zihesabiwe upya. Zikahesabiwa. Matokeo yakawa yale yale.

Kituo chetu hakikuwa peke yake. Katika kaunti nzima Raila alipata kura kama 767,000 na William Ruto kama 562,000. Lakini kwenye ugavana Sakaja alipata takriban 699,000, na Polycarp Igathe, aliyebeba bendera ya Azimio, kama 574,000. Maana yake, watu zaidi ya laki moja walimchagua gavana wa chama ambacho mgombea wake wa urais hawakumtaka. Siku hiyo hiyo tulimpa Edwin Sifuna wa ODM, chama cha Raila, useneta.

Wala si jambo la mwaka mmoja. Mwaka 2013 jiji lilimpa Evans Kidero ugavana kwa tiketi ya ODM na Mike Sonko useneta kwa tiketi ya TNA, chama cha Uhuru Kenyatta, mpinzani wa Raila. Mwaka 2017 Raila aliongoza hapa kwa urais, Sonko wa Jubilee, chama kipya cha Uhuru, akachukua ugavana, Esther Passaris wa ODM akawa mwakilishi wa wanawake. Na wazee wa Makadara watakukumbusha 1961, Tom Mboya, Mjaluo, alipowania Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt Munyua Waiyaki, mahali ambapo Wakikuyu ndio waliokuwa wengi. Mboya alipata zaidi ya kura 30,000. Mpinzani wake hakufikisha 3,000.

Sisemi ukabila haupo. Upo, na kwenye karatasi ya urais unaonekana sana. Ila mama anayeuza mboga kando ya Spine Road akifika kwenye karatasi ya gavana anawaza kanjo, yaani askari wa kaunti, waliomwaga mboga zake juzi, anawaza takataka zilizoziba mtaro, na mfereji ambao hutoa maji siku mbili kwa wiki. Mambo hayo hayana kabila, na ndiyo ambayo ramani zenu haziyachori.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Wapiga kura walioandikishwa Nairobi mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 2.4, na waliojitokeza ni kama 56 kwa kila 100, ilhali nchi nzima ilikaribia 65. Zaidi ya watu milioni moja walikaa nyumbani. Sijawahi kuona ramani inayowaonyesha, ingawa ni wengi kuliko waliompigia mgombea yeyote yule.

Hapo sijawataja wanaoishi hapa na kupiga kura mashambani. Katika ploti yetu yenye vyumba 14, wapangaji wa vyumba tisa wamejiandikisha kwao. Jirani yangu wa mlango wa pili amekaa Kayole miaka kumi na saba. Watoto wake wote wamezaliwa hapa. Lakini uchaguzi ukifika hupanda basi kwenda Vihiga kumchagua gavana na mwakilishi wa wadi, kisha anarudi kununua maji kwa mtungi katika jiji ambalo viongozi wake hakuwachagua wala kuwakataa. Ukimuuliza, atakwambia nyumbani ni nyumbani. Namwelewa, maana hata mimi nilifanya hivyo hadi 2013.

Kwa hivyo, Mhariri, ninachoomba ni hiki. Mkichapisha matokeo ya Nairobi, wekeni kura za urais na za gavana bega kwa bega, wadi kwa wadi, na kando yake idadi ya walioandikishwa wasiofika. Ramani ya ngome haitahitajika tena. Nasi wakazi tuhamishie kura zetu tunakoishi. Jirani yangu amekubali, baada ya majadiliano ya majuma mawili, na Jumatatu nitamsindikiza hadi ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya Embakasi ya Kati na kitambulisho chake mkononi.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi