Linux isifundishwe kwa chaki, wapeni vijana mashine pepe

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri na kama hujanizidi basi salama tu, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mtwara mjini, kazi zangu ni kupiga Windows, kubadilisha vioo, kutoa vairasi, na siku hizi wateja wangu wengi ni vijana wa vyuo wanaosomea mambo ya kompyuta. Wanakuja na daftari. Ndio, daftari, limejaa amri za Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ls, cd, chmod, sudo apt, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mstari kwa nyekundu, ukimuuliza dogo hizi umeshawahi kuzichapa mahali anakwambia hapana kaka, tiicha anaandika ubaoni sisi tunakopi, afu kwenye mtihani unaulizwa chmod 755 inafanya nini.

Chuo sikitaji na wala sio kimoja. Maabara zipo, kompyuta zipo zimefunikwa vitambaa, ila mwenye maabara hataki mtu aiguse Windows yake, na hapo mimi namwelewa kabisa, kompyuta ikifutika atakayeitwa ofisini ni yeye sio mwanafunzi. Lakini hofu hiyo ina dawa tena ya bure, inaitwa mashine pepe. Unaweka programu kama VirtualBox juu ya Windows ileile uliyonayo, hiyo programu inatengeneza kompyuta ya bandia yenye diski yake na memori yake na kioo chake, yote ndani ya kidirisha kimoja, Linux inaingia humohumo na Windows ya mwenye maabara inabaki kama ilivyo. Kijana akivuruga, hata akipiga rm -rf akafuta mfumo mzima, unarudisha snapshot, yaani kumbukumbu ya hali ya mashine, uliyoipiga mapema na mashine inakuwa kama ilivyokuwa asubuhi. Na hamna haja ya kuinstoli kompyuta moja moja, tiicha anatengeneza moja vizuri, anaiekspoti inakuwa faili la .ova, hilo faili linaingizwa kwenye kompyuta zote za maabara, kazi imeisha.

Wanapokwama wengi ni pale instola inapouliza kuhusu diski. Maandishi yako wazi kabisa, yanasema futa diski uweke Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, basi mtu jasho linamtoka anafunga kila kitu anakimbilia kwangu. Jamani diski inayosemwa pale ni faili tu, mwisho wake .vdi, limekaa kwenye folda kwenye Windows yako, na Linux iliyo ndani haioni kitu kingine zaidi ya hilo faili, haijui kama kuna drive C wala picha za send-off ya dada yako, labda uishirikishe folda mwenyewe kwa mkono wako. Futa tu. Na ukiandika 25GB sio kwamba GB 25 zinaondoka hapohapo, faili linakua kadri unavyojaza vitu, ila ujue likishakua halipungui lenyewe hata ukivifuta.

Kinachonipa kazi zaidi mimi fundi ni BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta unayoifungua kabla Windows haijawaka. Laptop nyingi zinazofika huku ni used, HP, Dell, Lenovo, wazazi wananunua msimu wa korosho hela za mnada zikishaingia, na nyingi unakuta ule uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Ukiwasha mashine pepe inakutupia kosa refu lenye neno kama VERR_VMX ndani yake, kijana anajua kauziwa mbovu, anataka kwenda kugombana na muuzaji. Si mbovu hiyo. Zima, washa, HP bonyeza F10, Dell F2, ThinkPad za Lenovo F1, tafuta palipoandikwa Virtualization Technology au VT-x, kwenye AMD wanaita SVM, iwashe, sevu, kisha izime laptop kabisa mpaka taa zote zilale ndio uiwashe tena. Ni kazi ya muda mfupi tu na kuna mafundi wenzangu wanaichaji kama wamebadilisha motherboard, sitaki kusema zaidi maana tunakutana sokoni.

Kwenye memori sitadanganya mtu. Ubuntu 24.04 yenyewe inataka 4GB, sasa kama laptop nzima ina 4GB utaigawaje? Mwenye 8 hana shida, anampa mgeni, yaani ile mashine pepe, 4 na mwenyeji, yaani Windows, anabaki na 4. Mwenye 4 aachane na Ubuntu ya kawaida, achukue Linux nyepesi kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, aipe 2GB, afunge Chrome na mazagazaga yote, itatembea ila haitakimbia. Ule mstari wa kuvuta wa memori kwenye VirtualBox una kijani, chungwa na nyekundu, usitoke kwenye kijani, ukitoka zote mbili zitakata pumzi, mgeni na mwenyeji.

Kuna kitu kingine kinaniudhi na hiki kipo kwenye VirtualBox za kuanzia namba 7. Ukishaichagulia faili la ISO, yaani lile la kuinstolia Linux, inajifanya inakusaidia, inainstoli yenyewe mwanzo mwisho bila kukuuliza, ukija kushtuka unakuta jina la mtumiaji ni vboxuser na paswedi ni changeme, afu ukiandika sudo, ile amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi, inakwambia wewe humo kwenye faili la sudoers, orodha ya wenye ruhusa hiyo. Yaani kompyuta ni ya kwako, umeitengeneza mwenyewe, na wewe ndani yake ni kama mwenyekiti wa mtaa asiye na mhuri. Kwa hiyo pale mwanzo kabisa tafuta kile kiboksi cha instolesheni ya kujiendesha uikatae, ujaze jina na paswedi yako mwenyewe. Kwenye ramani ya saa utachagua Dar es Salaam.

Sasa nije kwenye ombi langu. Hilo faili la ISO la Ubuntu linakaribia 6GB. Dogo wa Mikindani anaunga bando la wiki, anawasha hotspoti ya simu, bando linakata faili limefika nusu, na mara nyingi brauza inaanza upya kutoka sifuri, hela imeenda na Linux hajaiona. Mwenzake wa Shangani anafanya hivyohivyo usiku huohuo kwa faili lilelile. Huku ni kuchoma hela za wazee wetu bure kabisa, maana Linux sio Windows ya kukraki, leseni yake yenyewe inaruhusu kumkopia mwenzako na hamna polisi atakayekuja. Na hata wenyewe walijua sio kila mtu ana intaneti ya kushusha mafaili makubwa, Ubuntu ilipoanzishwa 2004 na yule Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth kampuni yake ilikuwa inatuma CD kwa posta bure dunia nzima, mpango ule waliuita ShipIt, wakaufunga 2011. Dunia ikahamia kwenye kudaunlodi, sisi bado tunahesabu MB.

Basi tufanye ShipIt yetu ya flashi. Kila chuo chenye maabara, maktaba ya mkoa, hata steshenari zenye intaneti ya kueleweka, zishushe mara moja tu, Ubuntu moja, Mint moja, Lubuntu moja na instola ya VirtualBox, ziwekwe kwenye kompyuta moja watu wakopi. Pembeni yake wabandike karatasi yenye namba ya SHA256 ya kila faili, ile alama inayobadilika faili likiharibika, kama ilivyo kwenye tovuti ya wenye mfumo, ili mtu akifika nyumbani aandike kwenye Command Prompt ya Windows certutil -hashfile, jina la faili, SHA256, alinganishe, isije ikawa limekatika njiani akanisumbua mimi kwamba instola inaganda. Kukatika kwa umeme katikati ya kukopi huku kwetu sio hadithi.

Wakati wakubwa wanajadiliana, kwangu mafaili yote hayo yapo na kukopi silipishi. Mtu aje na flashi ya 16GB isiyo na kitu cha maana ndani, maana flashi nyingi zimeformatiwa kwa mtindo wa FAT32 na huo haipokei faili moja linalozidi 4GB hata kama nafasi ipo tele, kwa hiyo nitaiformati kwanza iwe exFAT ndio niweke. Wa Masasi na Newala mpeni dereva wa basi, mimi namrudishia jioni, ila andikeni majina kwenye flashi jamani, nina kopo zima la flashi nyeusi hapa hazina wenyewe.

Fundi kompyuta,
Mtwara mjini