Gesi na mchanga havitoshi kutengeneza kioo cha mifupa

Ndugu Mhariri,

Inasemwa sana kwamba Mtwara na Lindi tunaweza kutengeneza kioo cha kuunga mifupa, yaani kile kinachopandikizwa mwilini ili kishikane na mfupa, kwa kuwa mchanga tunao, chokaa ya matumbawe tunayo na gesi ya Mnazi Bay ipo. Gesi ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua ni usafi wa malighafi.

Kioo hicho, alichokibuni Larry Hench katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1969, kina silika (kiini cha mchanga) asilimia 45 tu kwa uzito, sodiamu oksidi 24.5, kalsiamu oksidi 24.5 na fosforasi pentoksidi 6. Kioo cha dirisha kina silika zaidi ya 70, ndiyo maana hakiyeyuki ndani ya maji. Hiki lazima kiyeyuke kwenye maji ya mwili: sodiamu na kalsiamu hutoka, juu hubaki utando wa silika, na hapo hujijenga madini yanayofanana na ya mfupa.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, vipande vya kombe, chuma na alumina (oksidi ya alumini). Maji huondoa chumvi, asidi huondoa kombe. Alumina iliyo ndani ya punje za madini ya feldispa haitoki kwa kuosha, na asilimia chache tu zinatosha kukifanya kioo kisishike mfupa. Kwa sababu hiyohiyo chungu cha kuyeyushia cha alumina hakifai: kioo chenye sodiamu nyingi hivi hukila chungu chenyewe. Hutumika platinamu, na bei yake afadhali usiulize.

Kupata gramu 100 za kioo, pima silika 45, sodiamu kaboneti 41.9, kalsiamu kaboneti 35.3 na kalsiamu hidrojeni fosfeti 11.5. Jumla ni 133.7, zile 33.7 hupaa kama hewa ukaa na mvuke, kwa hiyo pandisha moto polepole, la sivyo povu litafurika tanuri. Yeyusha kwenye nyuzi 1350 hadi 1400 za Selsiasi, mimina kwenye maji baridi, kausha mara moja. Usisage ukiwa na maji, maana unga huanza kupoteza sodiamu humohumo kinuni.

Chokaa ya tanuri zetu ndiyo inayodanganya wengi. Ikishamwagiwa maji na kukaa gunia wazi, sehemu yake hurudi kuwa kaboneti, na hakuna ajuaye kiasi gani. Gramu 35.3 za kaboneti hutoa kalsiamu oksidi 19.8, uzito uleule wa chokaa iliyozimwa hutoa 26.7. Choma sampuli kavu kwenye nyuzi 1000 na upime tena: kaboneti safi hupoteza asilimia 44, chokaa iliyozimwa 24. Ikiangukia katikati, ni mchanganyiko. Fosfeti ya Minjingu, nzuri shambani, tusiiguse kwa kazi hii, kwani ina urani.

Kiwango cha kimataifa cha vioo vya kupandikizwa mwilini huruhusu aseniki sehemu 3 kwa milioni, kadimiamu 5, zebaki 5, risasi 30, na metali nzito zote kwa pamoja 50. Kwa hiyo ombi letu kwa wanaoandaa miradi hii ni kwamba, kabla ya kununua tanuri, wapeleke maabara sampuli za mchanga na chokaa kutoka machimbo kadhaa, wapime metali hizo pamoja na alumina, kisha watangaze matokeo gazetini.

Wasomaji wenu,
Mikindani, Mtwara