Kwa Mama Fahmi, kuhusu safari ya Maskati

Maskati, Ijumaa baada ya Alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto limeanza kutuonea. Najua umenuna na una haki. Ujumbe wako wa sauti niliupata kabla ya Ramadhani, nikausikiliza mara tatu, na kila nikitaka kujibu naona hili si la kujibiwa nimesimama kituoni nasubiri basi. Leo duka limefungwa, nimekaa kitako na chai yangu.

Umesema Fahmi kamaliza uhasibu, kazi huko hakuna, nimtafutie njia aje. Kisha ukamalizia, "Oman si kwao vilevile? Babu yake si katoka Nizwa?" Neno hilo "kwao" ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa damu, ni kwao, sikukatalii. Akishuka leo, jioni yuko kwa binamu yangu Moza kule Mabela, pembezoni mwa Maskati, kawekewa sinia, anaulizwa kwa Kiswahili mama hajambo, na hakosi mzee wa kumwambia amefanana na marehemu fulani. Lakini Zuhura, hapa mtu anahesabiwa kwa kadi.

Unakumbuka sensa za kwetu, karani mlangoni na daftari lake, bi mkubwa anagoma kutaja umri? Hapa sensa ya 2020 hakuna aliyegonga mlango. Walichukua kumbukumbu zilizomo serikalini, wakahesabu humo, tarehe 12 Desemba. Ilikuwa Jumamosi, na mimi siku hiyo nilikuwa jikoni kwa Moza tunakunja sambusa. Bibi yetu mmoja, kazikwa Mwanakwerekwe huko Unguja. Baba yake Moza alirudi huku miaka ya sabini, Sultani Qaboos alipowafungulia Waomani wa nje mlango. Baba yangu akasema haachi mikarafuu yake. Basi Moza kaingia safu ya raia, watu 2,731,456, na mimi nimeingia safu ya wageni, watu 1,739,692. Tumekaa kibao kwa kibao, unga mmoja mikononi.

Nakueleza haya kwa sababu safu atakayoingia Fahmi ndiyo itakayoamua maisha yake hapa, na safu hiyo haitulii. Mwaka 1993 wageni walikuwa kiasi cha robo ya watu wote. Mwaka 2003 sehemu yao ikapungua kidogo, hata 24 kwa mia haikufika. Mwaka 2010 wakawa 29 kwa mia, halafu mambo yakaenda mbio: kufika 2017 walikaribia 46. Barabara, bandari ya Duqm, uwanja mpya wa ndege, hayo yote yalihitaji mikono, na mikono ilitoka Bangladesh, India na Pakistan, wanaume kwa maelfu, wake zao wamewaacha makwao. Ukipita mtaa wa Ruwi hapa Maskati Ijumaa jioni utawaona wamesimama vikundi vikundi, kila mmoja kashika simu anaonyeshwa mtoto wake.

Kisha bei ya mafuta ikaanguka, na korona ikaja juu yake. Nilikwambia habari ya fundi wetu, Mbengali, yule aliyenishonea nguo ya harusi ya Rukia? Miaka kumi na sita kwenye cherehani ileile. Mwaka 2020 tajiri wa duka akamwambia hana cha kumlipa. Aliondoka na begi moja. Asubuhi yake nilipofungua duka nikakuta futi yake ya kupimia kaikunja vizuri juu ya cherehani, na vitambaa vya wateja kavikata vyote, kila kimoja kaandika vipimo kwa chaki ili atakayekuja asihangaike. Nililia, Zuhura. Watu kama yeye waliondoka kwa mamia ya maelfu, ndiyo maana sensa ya mwaka ule ilikuta wageni wameshuka hadi 39 kwa mia. Sasa wamerudi, nchi imepita watu milioni 5, na hapa mkoa wa Maskati wageni ni wengi kuliko raia. Lakini waliorudi ni wengine. Yeye hakurudi.

Raia wanaongezeka kwa kuzaliwa, sisi tunapanda na kushuka na bei ya pipa la mafuta. Na hakuna mtu anayetuonea hapo, huo ndio mpango wenyewe tangu mwanzo: mgeni anakuja na mkataba, mkataba ukiisha anaondoka.

Na usidhani raia wenyewe wamestarehe. Mama mkwe wa Moza kazaa kumi na mmoja. Miaka ya themanini mwanamke wa hapa alizaa zaidi ya wanane kwa wastani. Moza anao watatu tu, lakini vizazi vile vikubwa vimeshasoma na vinataka kazi. Vijana waliingia barabarani kudai kazi mjini Sohar mwaka 2011, na tena Mei 2021. Shamsa, binti wa Moza, ana shahada ya uhasibu, uhasibu uleule wa Fahmi, na mwaka wa pili huu yuko nyumbani anasubiri. Januari 2018 serikali ilisimamisha viza mpya kwa aina 87 za kazi, na uhasibu ulikuwemo. Nikimtafutia Fahmi kiti, nitamtazamaje Shamsa? Siwezi kumwambia Moza kwamba wanangu wa Unguja wanastahili zaidi. Nchi ni yao, na wana haki ya kuwatanguliza watoto wao. Hilo nalisema kwa moyo mweupe, ingawa linaniuma.

Linaloniuma kabisa ni la Saada. Unajua yeye ni raia wa hapa, na kaolewa na yule kijana wa Makunduchi. Miaka ile Muomani akitaka kuoa au kuolewa na mtu wa nje lazima aombe ruhusa, na wao walisubiri mpaka watu wakaanza kusema. Mwaka 2023 sharti hilo limeondolewa, vigelegele vikapigwa. Lakini mtoto anafuata baba. Mwanawe kazaliwa hapahapa Maskati, Unguja kaiona mara moja tu akiwa ananyonya, Kiarabu chake kimenyooka kuliko changu, na bado yuko safu yangu. Juzi skuli waliambiwa wachore bendera ya nchi yao. Akachora ya Oman, akaja kumuuliza mama yake, "Na hii nyengine nayo niichore?" Saada akatoka nje.

Sasa la Fahmi. Sisemi asije. Nasema asije kwa hizo frii viza zinazouzwa na mawakala. Anaingia kwa kafili, yaani mdhamini wa viza, asiyemjua, hana kazi, na akikamatwa anafanya kazi kwa mtu mwengine ni makosa yake. Ikipatikana kazi ya kweli, yenye mkataba ulioandikwa mshahara, kafili nimjue kwa sura, nitampokea mimi mwenyewe uwanjani. Labda kazi nyengine, nitauliza. Lakini ajue tangu huko kwamba anakuja kwa muda wa mkataba, na kila ukikaribia kwisha moyo utamdunda.

Na ile karatasi ya babu mliyoihifadhi kwenye sanduku la mbao, tafadhali usimpe wakala yeyote anayesema atamfanyia uraia. Nimeona watu wawili wamepoteza karatasi na pesa pamoja.

Nijibu haya. Fahmi mwenyewe kasema anataka kuja, au ni wewe na kaka yako? Kiingereza chake kikoje? Aliwahi kuomba kazi kwenye hoteli za Nungwi, au anaona haya? Karatasi ya babu inasemaje hasa, imeandikwa kwa jina lipi na mwaka gani? Mguu wa mama umepoa? Na ule ukuta wa upande wa kisima mmeshaujenga, au mvua imewatangulia? Nipigie picha ya vyeti vya Fahmi, kurasa zote, na karatasi ya babu mbele na nyuma. Jumapili asubuhi nakutana na mtu.

Nikubusie mama mkono.

Wako,
Mama Nasra