Betri haikuwa na kosa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi kompyuta hapa Kirumba, Mwanza. Juzi alinijia mwalimu kutoka Ukerewe na laptopu yake inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Akiifunika Nansio ikiwa na chaji asilimia 90, kivuko kikitia nanga Mwanza imeshazimika, na begi linafukuta kama limebeba chapati za moto. Alikuwa ameshauziwa betri mbili. Iliniuma, maana mshahara wa mwalimu tunaujua.

Nilipofungua faili la /sys/power/mem_sleep, linaloonyesha aina ya usingizi ambao laptopu huingia ikilazwa, nikakuta neno lililo ndani ya mabano (ndilo lililochaguliwa) ni s2idle, yaani usingizi wa mang'amung'amu: kifaa kimoja tu kikigoma kulala, prosesa nayo haipumziki sawasawa. Pembeni lilikuwapo neno deep, usingizi mzito, ambapo karibu kila kitu hukatiwa umeme isipokuwa RAM, kumbukumbu ya muda inayohifadhi kazi uliyoiacha wazi. Nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye maelekezo ya kuwashia kerneli, kiini cha mfumo huo, nikaiwasha upya, nikailaza usiku kucha. Asubuhi niliigusa: baridi kama jiwe la ziwani, chaji imepungua asilimia 2.

Si kila mashine huamka salama kutoka usingizi huo, hivyo ijaribuni kwanza. Lakini mafundi wenzangu, nawasihi, tulisome faili hilo kabla ya kumtajia mteja bei ya betri.

Fundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza