Klomifeni si ya kununua dirishani

Mhariri,

Hapa Dar es Salaam bado watu wanaotafuta mtoto wananunua klomifeni dukani bila kipimo hata kimoja. Inasikitisha. Dawa hiyo huchochea yai kupevuka. Haizibui mirija ya uzazi, wala kidonge anachomeza mke hakiongezi mbegu za mume. Mume apimwe kwanza, jamani, kisha mirija ya mke.

Mwenye vifuko vingi kwenye ovari kwa kawaida huanza na letrozoli, dawa nyingine ya kupevusha yai, miligramu 2.5 kwa siku 5, kuanzia siku ya 3 ya hedhi. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulionyesha inaleta watoto wengi kuliko klomifeni, ambayo huweza kupunguza unene wa utando wa mji wa mimba. Yai lisipopevuka, daktari ndiye wa kuongeza dozi, si mgonjwa. Ultrasaundi ikionyesha mayai matatu yamekomaa, wenzi waahirishe tendo la ndoa mwezi huo, kuepuka mimba ya watoto wengi kwa pamoja.

Mfamasia, Dar es Salaam