Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kazi: Vijana Wetu Si Wavivu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mzazi, na pia mwalimu mstaafu wa sosholojia. Umesema hadharani kwamba vijana wasio na kazi ni wavivu, ndiyo maana hata kupiga kura hawaendi. Neno hilo limeniuma.

Iko habari ya Marienthal, kijiji cha Austria kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, karibu kijiji kizima kilikosa kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha mwaka 1933 yale waliyoyashuhudia huko. Walipima hata mwendo wa wapita njia. Wanaume, waliokuwa na siku nzima mikononi, walijikokota na kusimama kila mara. Wanawake walipita upesi zaidi, maana kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Maktaba ilifuta ada, na bado uazimaji wa vitabu ukashuka karibu nusu. Magazeti ya siasa yakapoteza wasomaji, vyama vikapoteza wanachama. Na hao ni watu wale wale ambao zamani, wakitoka zamu, walikuwa na nguvu za kuigiza michezo na kuendesha vyama vyao!

Nayaona hayo nyumbani kwangu. Kijana wangu alikuwa akipiga pasi shati kila Jumapili jioni na kupanga vyeti vyake kwenye bahasha. Sasa bahasha iko juu ya kabati, imeshika vumbi. Siku ya uchaguzi aliniuliza, "Baba, nikapige kura ili iweje?" Nilikosa la kumjibu.

C. Wright Mills, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1959: katika mji wa watu 100,000, mmoja tu akikosa kazi, tutazame tabia na ujuzi wake. Lakini milioni 15 wakikosa kazi kati ya wafanyakazi milioni 50, dawa haipatikani kwa kumchunguza mmoja mmoja.

Mheshimiwa, kabla hujatia saini sera mpya ya ajira, tuma watu wakaishi miezi kadhaa na vijana hao. Wafuate kanuni ya wale watafiti wa Marienthal: hakuna aliyeruhusiwa kwenda kutazama tu. Walipeleka nguo, daktari, hata mafunzo ya ushonaji, na ndipo watu wakawafungulia mioyo.

Waanze na nyumba yangu. Kijana yupo, mchana kutwa.

Wako,
Mzazi