Mlipa ushuru na mzee wa Inua Jamii wanaumia pamoja

Mhariri,

Kila bajeti ya Kenya inapokaribia, wenye mishahara hulalamika kwamba wanakamuliwa ili serikali igawe pesa. Wana haki ya kukasirika. Ila wengi humkasirikia asiyehusika, yaani mzee anayepokea msaada.

Chukua mfanyakazi wa Sh50,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025. NSSF (akiba ya uzeeni) hukata 3,000, SHIF (bima ya afya) 1,375, na ushuru wa nyumba za bei nafuu 750, ambao kabla ya Julai 2023 haukuwapo kabisa. Zinabaki 44,875 za kutozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara: asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha 30 kwa zilizosalia. Ukitoa nafuu ya kodi ya 2,400, anadaiwa takriban 5,846. Mkononi zinaingia 39,029, na hajalipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye petroli.

Mzee wa miaka 70 aliye kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wahitaji pesa, hupata Sh2,000 kwa mwezi, kiwango kilekile kwa zaidi ya miaka 10. Gharama ya mpango inapanda kwa sababu waliosajiliwa wamepita milioni 1, wala si kwa sababu mzee ameongezwa hata shilingi. Kile kiwango cha 24,000 cha PAYE nacho kiliwekwa Aprili 2020. Bei zimepanda, vyote viwili vimesimama palepale. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa corona serikali ilijua la kufanya: ilipandisha nafuu ya kodi kutoka 1,408 hadi 2,400, ikashusha VAT hadi asilimia 14, na vijana wakapewa vibarua vya Kazi Mtaani. Msaada ulitoka huku makato yakilegezwa. Safari hii gharama ya msaada na makato vinapanda pamoja.

Kuna na hili la tarehe. Mwajiri asiyelipa PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata hutozwa asilimia 5 ya kodi hiyo, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Serikali ikichelewesha pesa za wazee kwa miezi kadhaa, haitozwi chochote. Mzee anakopa unga dukani, na mwenye duka naye ni mlipa ushuru.

Pesa huvujia kwenye orodha ya wazee. Mtu akifariki, kitambulisho chake hurudishwa wakati kifo kinasajiliwa, kwa hiyo nambari yake iko mikononi mwa serikali. Lakini usajili wa vifo uko wizara moja na orodha ya wazee iko nyingine. Zisipolinganishwa kila mwezi, marehemu anaendelea kulipwa, huku aliye hai, ambaye vidole vimesuguliwa na jembe hadi mashine haivisomi, akirudishwa nyumbani mikono mitupu.

Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa kukopesha wananchi, sitaihesabu kuwa msaada, maana ni mkopo wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ila mkopo usiolipwa hugeuka sadaka, na sadaka hiyo haikupitishwa na Bunge.

Kabla hatujaletewa hazina nyingine yenye jina tamu, Wizara ya Fedha iweke katika Mswada wa Fedha kifungu kimoja: zile 24,000 za PAYE na zile 2,000 za wazee zirekebishwe kila Julai kwa kipimo kimoja cha mfumuko wa bei kinachotolewa na KNBS, shirika la takwimu la taifa.

Mhasibu wa mishahara,
Nakuru